Aliyeuguliwa Naye Aulizwe Hali

Hotuba kwa wazee na familia zao, Lamu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Masheikh wetu, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii mliovuka maji kutoka Mokowe na Faza, na nyinyi vijana mlioacha shughuli zenu baada ya sala ya alasiri ili muwashike mkono wazee wenu mpaka humu ukumbini, nawashukuru nyote.

Nimetakiwa nizungumze juu ya maradhi ya muda mrefu na utulivu wa moyo kwa watu waliozeeka pamoja katika ndoa. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 31, mingi yake katika visiwa hivi, na sasa nina umri wa miaka 68. Mke wangu, ambaye amekaa safu ya pili, anaishi na kisukari kwa mwaka wa 16. Kwa hiyo nitazungumza kama muuguzi na kama mume, na pale ambapo wawili hao walishindwa kukubaliana ndani ya nafsi yangu, nitawaeleza.

Nianze na neno moja la lugha yetu. Mtu akiondokewa na ndugu yake twasema amefiwa: aliyekufa ni mwengine, lakini kitenzi tumempa aliye hai, kwa sababu msiba umemshukia yeye. Hali kadhalika, mtu akiwa na mgonjwa nyumbani, wazee wetu husema ameuguliwa. Anayeugua ni mkewe au mumewe, lakini lugha haikumwacha yule mzima asimame kando kama mtazamaji; imemtaja na kumwingiza ndani ya ugonjwa ule. Sasa tazameni tofauti. Kwa aliyefiwa tumeweka taratibu, twamwendea, twakaa naye matanga, twampikia, twamkataza asishike kazi yoyote. Kwa aliyeuguliwa miaka kumi hatuna utaratibu hata mmoja. Tukifika nyumbani kwake twampita yeye kwenda kumtazama mgonjwa, twamuuliza yeye huyo huyo aliyeuguliwa, mgonjwa anaendeleaje, twanywa kahawa aliyotupikia kwa mikono iliyokesha, kisha twaaga na kuondoka bila ya kumuuliza yeye amelalaje. Hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Maradhi ninayoyakusudia mnayajua: kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, maradhi ya moyo na ya figo, na baridi yabisi inayofunga magoti ya watu ambao nyumba zao zina ngazi za mawe zilizosimama wima. Malaria huingia, ikapambana nawe siku kadhaa, ukapona kwa rehema ya Mungu au ukaondoka. Maradhi haya huhamia. Hupewa nafasi yake katika kabati la dawa, katika jiko, katika saa za kulala na za kuamka, katika fedha za mwezi, na katika kitanda. Baada ya mwaka mmoja hakuna kona ya nyumba ambayo hayajaifikia, na ndiyo maana nasema si kweli kwamba katika ndoa ya wazee kuna mgonjwa mmoja na mzima mmoja. Kuna watu wawili wanaoishi na ugonjwa mmoja, kila mmoja upande wake.

Nimemwomba mke wangu ruhusa ya kuwasimulia mambo mawili yaliyotupata. Moja amenikubalia, la pili ameniambia nisilitaje, nami silitaji.

Miaka minne iliyopita, katika joto la mwezi wa Februari, niligundua kwamba mke wangu anavaa soksi ndani ya nyumba mchana kutwa. Nilimuuliza, akasema miguu yamwingia baridi. Nikakubali, na hapo ndipo muuguzi ndani yangu alipokosea kwa kumwachia nafasi mume aliyechoka. Wiki ya tatu nilimlazimisha avue. Chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto palikuwa na kidonda kilichokwisha ingia ndani, ambacho alikuwa akikisafisha usiku kwa maji ya chumvi wakati mimi nimelala. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, mimi niliyevisafisha vidonda vya watu wa kisiwa kizima. Alinijibu kwa upole: “Kila nikikwambia neno jipya juu ya mwili wangu, uso wako hubadilika. Nimechoka kuwa habari mbaya.”

Wakati naye anatafuta bendeji katika kabati langu siku ile, alikuta vidonge vyangu vya presha, pakiti ya miezi mitano nyuma, haijafunguliwa. Nilikuwa nimeacha kuvimeza tangu alipozidiwa yeye, kwa sababu foleni ya kliniki ilikuwa ikinichukulia asubuhi nzima mbali naye, na sikumwambia ili asione kwamba ugonjwa wake unaniumiza. Tulikaa kitandani tukitazamana, watu tuliolala pamoja miaka 37, kila mmoja akiwa ameshika alichokuwa akimficha mwenziwe. Kidonda kilichukua miezi minne kupona, na kidole kile hatukuweza kukiokoa.

Nawaomba mlielewe jambo la kitabibu lililomo katika kisa hiki, kwa sababu lina faida kwa kila nyumba yenye kisukari. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi huharibu neva za miguuni, mguu ukafa ganzi, na mishipa inayopeleka damu huko ikawa myembamba. Mtu hukanyaga msumari au kipande cha kombe asihisi, na jeraha lisilopata damu ya kutosha halifungi. Mguu wa mwenye kisukari haulalamiki, kwa hiyo maumivu hayawezi tena kuwa mlinzi wake. Mlinzi wake ni jicho. Na mzee wa miaka 65 mwenye magoti mabovu hawezi kujikunja akauona unyayo wake mwenyewe. Jicho linalohitajika ni la mwenziwe, kila siku kabla ya kulala, na taa ikiwa karibu. Ndipo mtakapoona kwamba pale wawili wanapofichana, wanachokipoteza si faraja peke yake, bali wanapoteza sehemu ya tiba.

Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa sitara. Nyumba zetu za mawe katika mji huu zinasomesha sitara kabla ya mtoto kwenda chuoni: nje kuna daka, ambapo mwenye nyumba huzungumza na wapita njia, ukiingia kuna tekani, yaani ukumbi wa kuingilia, kisha kiwanda, yaani ua wenye kupokea jua, kisha misana, vyumba virefu vya kukaa, na mwisho kabisa ndani, chumba cha faragha cha wenye nyumba. Kila hatua unayozidi kuingia, ndivyo wanavyopungua wenye haki ya kufika. Mpango huu ni wa heshima na mimi naupenda. Lakini mume na mke ndio waliopewa ruhusa ya kufika ndani kabisa, na nimeona ndoa nyingi ambazo, ugonjwa ulipoingia, wale wawili wamerudi wakawa wanazungumza kama watu wa dakani. “Umelalaje?” “Alhamdulillahi.” “Umemeza dawa?” “Nimemeza.” Kumshukuru Mungu ni wajibu na sitaki mtu anifahamu vibaya, ninachokisema ni kwamba shukrani imegeuzwa kuwa pazia. Sitara ya nyumba ni dhidi ya njia, haikuwekwa baina ya mto mmoja na wa pili.

Wataalamu wa Marekani, James Coyne na David Smith, waliwachunguza wanandoa ambao mmoja wao amepata shambulio la moyo na wakaandika mwaka 1991 juu ya tabia hii ya kumficha mwenzio wasiwasi ili kumkinga. Waliona kwamba anayeficha ndiye anayezidi kuelemewa. Sisi tuna methali inayomkemea mficha maradhi kwamba kifo kitamuumbua, na siku zote twamsomea mgonjwa. Mimi nadhani imhusu pia yule anayeficha uchovu wa kuuguza, kwa sababu naye ana maradhi, isipokuwa hayajapewa jina kliniki.

Kuna sehemu kubwa ya ugomvi wa wazee ambayo si ugomvi. Bwana mmoja mvuvi alinijia zamani, akiwa na huzuni kubwa, akaniambia kwamba mkewe, mwanamke mpole kwa miaka 35 yote, amegeuka kuwa mkali kila ikaribiapo adhuhuri. Humtolea maneno mazito, kisha hutetemeka na kulia. Watu walikwisha kumwambia mkewe ana kitu. Niliuliza habari za chakula na sindano. Nikaelewa kwamba mama yule hudungwa insulini alfajiri, kisha hakai kula mpaka mumewe arudi kutoka baharini, kwa sababu tangu siku ya harusi hakuwahi kutangulia kula mbele yake. Adabu ile ile ndiyo iliyokuwa ikimshusha sukari. Sukari ikishuka ubongo hukosa chakula chake, mtu hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa na huwa mkali pasipo kukusudia. Mume alipomwambia kwa kinywa chake, “Nakuomba ule kabla sijarudi, hiyo ndiyo heshima yangu,” na mama akaanza kunywa uji na kula asubuhi kwa wakati wake, maneno mazito yale hayakusikika tena.

Vivyo hivyo kwa kiharusi. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo chaweza kuchukua maneno, mtu akawa anafahamu lakini hawezi kutaja. Chaweza pia kumfanya alie au acheke bila ya sababu, na mkewe akadhani anadharauliwa. Kabla ya kusema kwamba fulani amebadilika tabia katika uzee, muulizeni muuguzi au daktari kama ile ni tabia au ni ugonjwa. Swali hilo moja limeziokoa nyumba ninazozijua.

Naomba radhi kwa vijana waliomo humu kwa jambo nitakalolisema sasa, lakini wazee wao wamelinyamazia muda mrefu na kunyamaza kumewaumiza. Kisukari, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, huweza kupunguza nguvu za mume. Kwa mwanamke maradhi haya huleta uchovu na maumivu. Mwanamume hupatwa na aibu, na badala ya kusema, huhamisha godoro lake msanani kwa kisingizio cha joto. Mkewe hubaki ndani akihesabu: labda nimezeeka, labda nanuka dawa, labda moyo wake uko kwengine. Nilimjua mume aliyelala msanani miaka miwili kwa njia hii. Nilimpa rufaa akamwone daktari, lakini kabla ya safari nilimwomba amwambie mkewe maneno manne tu: si wewe, ni maradhi. Alinirudia wiki ya pili kunijulisha kwamba godoro limerudi ndani, na daktari alikuwa bado hajambadilishia dawa yoyote. Watu wa umri wetu huhitaji joto la mtu aliye karibu, mkono juu ya mkono, hata yale mengine yanapopungua.

Narudi kwa aliyeuguliwa. Mwaka 1999 Richard Schulz na Scott Beach wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walichapisha matokeo ya kuwafuatilia, kwa muda wa miaka minne, wazee wa miaka 66 hadi 96 waliokuwa wakiishi na wenzi wao. Wale waliokuwa wakiuguza na kuelemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufariki iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiouguza. Idadi hiyo hutajwa sana. Lililo muhimu zaidi kwangu, na ambalo halitajwi mara nyingi, ni kwamba wale waliouguza bila ya kuelemewa hawakuonekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya wengine. Maana yake ni kwamba kuuguza hakuui. Kinachodhuru ni kuuguza peke yako, usiku na mchana, bila ya wa kukupokea. Jambo hilo jamii inaweza kulibadilisha, na hasa jamii kama yetu ambayo nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta.

Tunaposimulia kisa cha Nabii Ayubu, amani iwe juu yake, twaisifu subira yake, na yastahili kusifiwa. Lakini nyumba ile ilikuwa na mke, ambaye kwa jinsi tunavyosimuliwa alibaki wakati watu wote wamekwisha ondoka, akawa anafanya kazi kwa watu ili apate cha kumlisha mumewe. Sijasikia darasa nyingi zinazouliza yeye alilala saa ngapi. Tenzi zetu za mawaidha nazo zimemfundisha mwanamke kwa urefu namna ya kumtunza mume. Hazikukaa sana kumfundisha mume amtunze mke aliyelala. Matokeo yake ni kwamba mke akipatwa na kiharusi, mume wa miaka 70 ambaye hajawahi kusonga sima wala kufua shuka hujikuta hajui aanzie wapi, na kwa kuona haya huita binti wa ndugu au msichana wa kazi, yeye akatoka kwenda barazani. Watu humwona hana huruma. Wengi wao nimezungumza nao, na nawaambieni wana huruma tele, hawana ujuzi. Kumgeuza mgonjwa kila saa mbili ili asipate vidonda vya mgongoni ni ujuzi wa dakika kumi, nami niko tayari kumfundisha mwanamume yeyote aliye humu, nyumbani kwake, milango ikiwa imefungwa.

Kwa upande wa wanawake hali ni kinyume: wanajua, na kwa kuwa wanajua hakuna anayewapokea. Mtaitambua nyumba ya mama aliyeuguliwa kwa buibui lake, ambalo limetundikwa msumarini na halijashuka tangu Maulidi iliyopita. Haendi harusini, haendi kuhani msibani, hapiti kwa dadake. Mwanzoni wenzake humwita, kisha huona ni kumsumbua, wakaacha. Naye hasemi, kwa kuwa kusema “nimechoka na mume wangu” kunasikika kama kumchoka mume, hali ya kuwa kilichomchosha ni kukosa usingizi.

Uchovu ule ukizidi hugeuka kuwa sonona, na sonona ya wazee haijitangazi kwa jina lake. Mzee hatasema ana huzuni. Atasema chakula hakina ladha, anaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi, mifupa yamuuma, moyo hautulii, hana raha hata na wajukuu. Tunajua kwamba sonona huwapata wenye kisukari takriban mara mbili zaidi ya wasio nacho, na kwamba kiasi cha mtu mmoja katika kila watatu waliopatwa na kiharusi hupitia hali hiyo. Hasira na hofu ya kila siku humfanya mtu atoe homoni, kama kotisoli, zinazopandisha sukari na shinikizo la damu, na ndipo mgonjwa akala kwa kanuni na kumeza dawa kwa saa, na vipimo vikawa bado vibaya. Watu husema ni husuda au ni jini. Mimi sibishani na anayetaka kusomewa, nami mwenyewe husomewa; naomba tu kwamba dua isizuie daktari, kwa sababu sonona ina tiba.

Upo upande wa pili ambao ni wa kutia moyo. Katika uchunguzi mrefu ulioanzia Harvard mwaka 1938, Robert Waldinger na mwenzake Marc Schulz waliwauliza jozi 47 za mume na mke wenye umri wa miaka ya themanini, siku hadi siku, juu ya maumivu yao na furaha yao. Wale walioridhika na ndoa zao, siku ambayo mwili uliuma zaidi, furaha yao haikushuka kama ilivyoshuka kwa wasioridhika. Maumivu yalikuwepo, lakini yalikuta moyo una pa kuegemea.

Egemeo hilo hujengwa kwa mambo madogo, na niruhusuni nikae kidogo katika dogo kuliko yote, sinia. Sisi hula pamoja. Mzee akiambiwa ana kisukari, mkewe kwa mapenzi humtengea chungu chake, wali kidogo usio na nazi na samaki wa kuchemsha, akaletewa katika sahani yake pembeni, huku wanawe na wajukuu wameizunguka sinia. Chakula kile ni sahihi, lakini mzee yule amehamishwa. Nimewaona wazee wakiiba kula, na sikuamini kwamba ni uroho. Walikuwa wakitafuta nafasi yao. Igeuzeni sinia yenyewe. Punguzeni wali kwa wote, zidisheni mboga, kunde na samaki, chai ya wote iwe na sukari kidogo, na hao wengine waliomo nyumbani, ambao ni damu moja naye na huenda wakarithi ugonjwa huo, watafaidika vilevile. Na katika mwezi wa Ramadhani, mgonjwa aliyekatazwa kufunga na ambaye sheria imempa ruhusa na fidya, asiachwe ale peke yake jikoni kama mwizi. Mwenziwe aliyefunga akae naye amzungumzishe.

Kwa watoto nina maneno machache na makali kidogo. Mko Mombasa, Nairobi, na Uarabuni, mnapiga simu na kutuma fedha, Mungu awazidishie. Mkipiga simu mwamuuliza mama hali ya baba. Siku moja pigeni simu msimtaje baba kabisa. Pia acheni kuwagawana wazee kama vyombo, huyu akamchukua baba Malindi na yule akamchukua mama Mombasa, kwa nia njema ya matibabu, bila ya kuwauliza wao wenyewe kama wanataka kutenganishwa. Nimeona mzee ambaye vipimo vyake vilikuwa vizuri huku alikopelekwa, na akawa hali chakula. Hakuwa mgonjwa wa figo tena; alikuwa amekosa sauti aliyoizoea kwa miaka 50.

Juu ya mume anayeoa mke mwengine pale wa kwanza alipolala kitandani, sitaingia katika hukumu, kwani masheikh wapo na Kadhi yupo. Nasema tu kama muuguzi aliyekaa kando ya vitanda hivyo: mgonjwa husikia kila kitu, na jinsi anavyolipata jambo hilo, kwa kinywa cha mumewe au kwa jirani, huonekana katika vipimo vyake kwa miezi.

Haki zipo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inatambua kwamba mtu aliyefikisha miaka 60 ana haki ya kutunzwa ipasavyo na familia yake na Serikali, na wenye miaka 70 na zaidi wana mpango wa Inua Jamii wa shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo kwa mgonjwa anayelazimika kuvuka hadi Mokowe na kupanda basi kupitia Witu na Garsen kwenda kutibiwa, humalizika njiani. Kilicho karibu zaidi ni hawa wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu mwaka 2023 wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari nyumbani. Ombi langu kwao ni moja: mkiingia katika nyumba yenye mgonjwa, msitoke mpaka mmempima na yule aliyewafungulia mlango. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi na shinikizo la damu, na karibu nusu yao hawajui. Hao wasiojua, wengi wako mlangoni wakiwafungulia nyinyi.

Na kwa majirani, naomba saa mbili kwa wiki. Usije na keki wala matunda. Njoo ukae na mgonjwa, umsomee, umsikilize, umpe maji, ili mwenye kuuguza alale, au avae buibui lake atoke, au aende barazani akanywe kahawa na wenziwe. Akirudi umuulize hali yake yeye, na akikujibu “alhamdulillahi,” umuulize mara ya pili.

Mimi na mke wangu tumejiwekea kawaida tangu kisa cha soksi. Baada ya sala ya isha, taa ikiwa karibu, mimi huangalia nyayo zake, yeye huhesabu vidonge vyangu, na kila mmoja humwambia mwenziwe neno moja ambalo asingependa kulisema. Usiku mwengine neno hilo huwa zito, tukanyamaza muda mrefu. Usiku mwengine huwa ni kwamba chumvi ilizidi.

Pale mlangoni kuna meza mbili na mashine mbili. Katika mikutano ya namna hii wagonjwa ndio hukalishwa wakapimwa, na waliowaleta husimama nyuma ya kiti wakiwa wameshika mfuko wa dawa. Leo nimewaomba wauguzi waupindue mpango huo. Aliyeuguliwa ndiye atakayekaa kwanza, na mgonjwa, kama ana nguvu, amshikie mfuko. Mfuko wangu ameshaushika mke wangu, nami nitakuwa wa kwanza kukunja mkono wa kanzu.